Makabidhiano ya Ufunguo wa Jengo la Wanandoa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, nakuomba sana, kwa heshima uliyonayo kwa wazee wako: haya usimsimulie mtu yeyote. Usiyasome kwa sauti kibarazani. Usiyapeleke kwenye lile duka la fotokopi la karibu na stendi, kwa sababu dada wa pale husoma kila karatasi kabla ya kuiweka kwenye mashine, kisha huanza kuuliza maswali. Ukimaliza kusoma, choma. Mimi ni karani, nina mwaka mmoja na miezi minne kazini, na bado sijathibitishwa.

Siku ya makabidhiano Mratibu Mkuu aliniagiza niandike hotuba yake neno kwa neno, pamoja na yote yatakayofanywa na watu wakati akihutubia. "Makofi yote yaingie," aliniambia. Nikaandika. Aliposoma nilichoandika akaniagiza nitengeneze muhtasari wa ukurasa mmoja, wenye makofi tu. Ukurasa huo ndio uliomo kwenye faili. Hii uliyoishika ni ile nyingine.

Ili usipotee, ujue mambo machache. Makao ya Wazee Pumziko yapo Nangara, hapa Babati, na yana wazee ishirini na sita. Wanaume hulala bweni la juu, wanawake bweni la chini, na katikati pana uzio wenye geti linalofungwa saa kumi na mbili jioni. Mzee Heriel na mkewe, Bibi Paskalina, waliletwa kutoka upande wa Dareda baada ya nyumba yao kuanguka kwa mvua. Wana miaka hamsini na mmoja ya ndoa. Kwenye Makao walikuwa na mwaka mmoja na nusu, mzee juu, bibi chini. Waliomba jambo moja tu, walale chumba kimoja. Barua zao nne niliziandika mimi, na zote zilijibiwa vilevile: wasubiri Jengo la Wanandoa. Hotuba hii ndiyo ya kukabidhi jengo hilo. Ni miaka hii ambayo mkoa wetu wa Manyara bado ni mpya, kila kamati ikitafuta kitu cha kuzindua.

Mratibu alisimama, akagonga kipaza sauti mara tatu, akasema:

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amepata udhuru akiwa njiani kutuletea ule udhuru wa kwanza. Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye ni mimi. Mratibu Mkuu wa Kamati ya Uratibu wa Ustawi Shirikishi wa Wazee, ambaye pia ni mimi, Jovin Anselmi, mwenye cheti cha semina elekezi ya siku tano. Waheshimiwa wajumbe wa kamati mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa. Waheshimiwa wafanyabiashara wa mjini mlioleta mchele. Akina mama wa Maisaka na Nakwa mnaoupika. Ndugu mpiga picha, sogea mbele kidogo, upande huu ndio wangu mzuri. Na mwisho kabisa, kwa sababu wao ndio wa kwanza, wazee wetu wapendwa: itifaki imezingatiwa!

(Makofi kutoka viti vyenye vitambaa. Wazee wameketi juani tangu saa mbili asubuhi. Sasa ni saa saba na dakika ishirini.)

Ndugu wadau, siku ya leo si siku ya maneno mengi, na kwa sababu hiyo nitasema kwa ufupi katika vipengele kumi na vinne, nikianza na usuli, ambao ni kwamba zamani, kabla ya kamati hii na kabla yangu, mzee alikuwa akihudumiwa tu, anaoshwa, analishwa, analazwa, kama vile mtu anavyopanga magunia ya mbaazi ghalani, hakuna aliyemuuliza neno. Lakini kule Morogoro, kwenye semina, tulifundishwa mkabala mpya kabisa ambao wenzetu wa nje wanauita peseni senta, kwa maana ya kwamba mzee ndiye kitovu, ndiye mhimili, ndiye mdau namba moja, kimtambuka na kiuendelevu, kwamba hatuulizi tena mzee huyu anaumwa nini, tunauliza mzee huyu ni nani, alikuwa nani, anapenda nini, anapenda kuamka saa ngapi, na anapofumbua macho angependa amwone nani. Na mimi niliposikia maneno hayo nilijaza daftari zima, na siku ya nne niliulizwa swali nikajibu vizuri.

(Makofi. Bibi Paskalina amemgusa mkono mhudumu Gaudiosa. "Amesema anapofumbua macho amwone nani?" Gaudiosa: "Ndivyo alivyosema, bibi." Bibi Paskalina amejifunga upya kanga yake na kukaa wima.)

Nilirudi Babati siku ya Ijumaa, na utekelezaji ukaanza Jumatatu, kwa sababu mimi si mtu wa kulaza mambo. Kipengele cha kwanza kilikuwa utambuzi wa upekee. Kila mzee, ndugu zangu, ni mtu wa pekee, ana historia yake, hafanani na mwingine yeyote chini ya jua, na ili asije akachanganywa na huyo mwingine, kila mmoja tumempa namba. Mzee Namba Kumi na Nne, hebu simama wadau wakuone!

(Hakuna aliyesimama. Mratibu amerudia: "Namba Kumi na Nne!" Mzee Mikidadi, aliyeuza vitambaa mjini kwa miaka arobaini, amejibu akiwa ameketi: "Kama ni mimi unayenitafuta, naitwa Mikidadi. Suti ya harusi ya baba yako ilikatwa dukani kwangu. Suruali ilimbana." Kicheko kirefu.)

Mnaona wenyewe? Anakumbuka! Mzee wa umri ule anakumbuka suruali! Hayo ndiyo matokeo ya utambuzi wa upekee.

Kipengele cha pili ni chaguo. Mzee ana haki ya kuchagua, na haki bila fomu ni maneno matupu, hivyo tumebuni Fomu ya Chaguo Binafsi la Mzee, yenye kurasa kumi na moja, ambamo mzee anaonyesha anapenda kuamka saa ngapi, anapenda kuoga asubuhi au jioni, anapenda maji ya moto au ya baridi. Na baada ya mchakato shirikishi wa kina, uliofanyika ofisini kwangu kwa muda wa mchana mmoja, imebainika kwamba wazee wote ishirini na sita, kila mmoja kwa hiari yake na wote kwa mwandiko uleule, wamechagua kuamka saa kumi na moja na robo alfajiri na kuoga maji ya baridi, chaguo ambalo kwa bahati nzuri limelingana kabisa na ratiba tuliyokuwa nayo.

(Bibi mmoja wa safu ya nyuma: "Mimi sijui kuandika!" Mratibu: "Ndiyo maana tulikusaidia, mama." Bibi: "Basi mngenisaidia na maji ya moto!" Vigelegele kutoka jikoni.)

Tutalichukua hilo kama maoni. Karani, andika kwamba limechukuliwa. Na katika chai, mzee anachagua yenye sukari au isiyo na sukari, na kwa kuwa sufuria ni moja, kamati humchagulia, lakini humjulisha. Nani mwingine anafanya hivyo? Nimezunguka makao mengi, nimekunywa chai mahali pengi, sijaona mahali mzee anajulishwa sukari kama hapa kwetu. Na takwimu zinasema. Tulipouliza kuridhika, wazee walioridhika sana walikuwa asilimia mia moja na tatu nukta nane. Naona wengine mnakunja uso. Hesabu ni nyepesi: wazee ni ishirini na sita, fomu zilizojazwa ni ishirini na saba. Ile moja iliyozidi niliijaza mimi mwenyewe, kwa sababu kiongozi lazima aonyeshe mfano, na mimi nimeridhika sana.

(Makofi kutoka viti vyenye vitambaa. Mjumbe mmoja ameamka.)

Sasa nakuja kwenye lililotuleta, kipengele cha tano, kwa kuwa cha tatu na cha nne vinafanana na cha kwanza. Ndugu wadau, ilifika mezani kwangu hoja nzito ya kijamii, ya kiutu na ya kimkakati, kwamba katika Makao haya wapo wanandoa, mume na mke, ambao wametenganishwa na miundombinu. Nililia. Karani ni shahidi, alinipa karatasi nikajifuta. Nikasema hapana, haiwezekani katika zama hizi za peseni senta, katika mkoa huu mpya wenye damu changa, mtu wa miaka sabini na nane atoke na bakuli lake akale uji peke yake huku akimpungia mkewe mkono kwenye uzio kama anayesindikiza basi; na palepale, kabla machozi hayajakauka, nikaunda kamati ndogo.

(Bibi Paskalina ametazama uzio. Mzee Heriel amevua kofia, akaivaa tena.)

Kamati ndogo ikaandaa andiko la Jengo la Wanandoa, lenye vyumba kumi na viwili vya wawili wawili, vitanda vipana, choo cha ndani, na dirisha katika kila chumba, ili mzee na bibi wakae hapo jioni watazame ziwa letu na kusikia viboko wakikoroma. Dirisha litaelekea kule!

(Mratibu amenyoosha mkono. Mzee Mikidadi: "Huko ni mlima Kwaraa, Mratibu. Ziwa liko mgongoni mwako." Mratibu amegeuka, amenyoosha mkono upande wa pili.)

Litaelekea pande zote. Na kuhusu maendeleo ya kazi, naomba nieleze kwa uwazi, kwa sababu uwazi ndiyo nguzo yetu. Mwezi wa kwanza karani wangu, yule pale mwenye daftari, aliandika kwenye ripoti namba ndogo sana, ambayo sitaitaja mbele ya wageni. Simlaumu, ni mdogo, amesoma lakini hajalelewa kiofisi. Nikamwelekeza kwamba namba ya aina ile haipandishwi ngazi, inavunja watu moyo, akaandika asilimia tatu. Kamati ndogo ilipoipokea tatu ikaona haya kuipeleka kwa wakubwa, ikaandika kumi na nane. Kamati kubwa, kwa kuiheshimu kamati ndogo, ikaandika arobaini na tano. Na ilipofika kwa mlezi wa kamati ikarudi kwetu ikiwa tisini na sita, ina muhuri, pamoja na barua ya pongezi na agizo kwamba tupange tarehe ya makabidhiano. Na sisi, ndugu zangu, ni nani tubishane na muhuri?

(Makofi ya kusimama. Mpiga picha amepiga picha muhuri.)

Kwa hiyo bila kupoteza muda, namwita mzee wetu Heriel na mama yetu Paskalina waje mbele wapokee ufunguo!

(Wameinuka. Gaudiosa amemshika bibi, bibi amemshika mzee, na wamefika mbele polepole. Mratibu amesubiri aamkiwe. Bibi Paskalina naye, aliyemzidi Mratibu miaka zaidi ya thelathini, amesubiri aamkiwe. Wote wametazamana. Mwishowe mpiga picha amesema "Shikamooni" kwa niaba ya kamati, na mzee amejibu "Marahaba, baba, angalau wewe umelelewa." Umeletwa ufunguo uliokatwa kwa karatasi ngumu ya boksi, urefu wake unampita mtoto wa chekechea, umepakwa rangi ya dhahabu ambayo haijakauka.)

Pokea, mzee! Inua juu! Tabasamu!

(Mzee Heriel ameupokea, ameugeuza, ameuchungulia. "Ahsante, Mratibu. Na mlango wake uko upande gani?" Mratibu: "Mzee, huo ni mfano wa ufunguo." Mzee: "Nimeona. Sasa mlango je?" Mratibu: "Tabasamu kwanza, mpiga picha anasubiri." Bibi Paskalina, kwa mumewe: "Baba Xaveria, usitabasamu mpaka aseme mlango." Picha imepigwa. Katika picha anatabasamu Mratibu peke yake.)

Ahsanteni, ahsanteni, mnaweza kurudi kwenye nafasi zenu. Mlango, ndugu wadau, una utaratibu wake. Itifaki ya makabidhiano inataka ufunguo utangulie na mlango ufuate, kama vile mwaliko unavyotangulia na harusi ikafuata.

(Mzee Heriel na Bibi Paskalina hawajarudi kwenye nafasi zao. Wamekwenda na ufunguo hadi mlango wa ghala, kisha mlango wa jiko, kisha wamefika kwenye meza ya karani. Mzee ameinama, amesema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika barua zetu, na wewe ndiye unayeandika leo. Mlango wa ufunguo huu umeuandika wapi?" Karani ameliandika swali.)

Niendelee na cha sita hadi cha nane kwa pamoja. Kumweka mzee kitovu si jambo la mzaha, linahitaji mahali pa kuuratibu ukitovu wake, na ndiyo maana, kwa kujinyima sana, kamati iliamua kutwaa chumba kile cha mwisho kwenye korido, kilichokuwa cha kupumzishia wagonjwa, chenye madirisha mawili, bafu ya ndani na jua la asubuhi, kikawa Ofisi ya Uratibu wa Mradi, tukaweka kochi, zulia na picha yangu niliyopiga Morogoro. Ofisi ambayo mimi huitumia kila Ijumaa nikijaliwa, na siku nyingine zote hufungwa, kwa usalama wa kochi. Na msidhani kwamba kila mtu anaingia tu kama sokoni, hapana, funguo zake ni mbili duniani, mmoja ninao mimi, na wa pili anao karani.

(Mzee Heriel amemtazama karani. Bibi Paskalina amemtazama karani. Gaudiosa, aliyekuwa amebeba jagi la maji, amelitua chini na kumtazama karani. Hapa kitu kidogo cha chuma kilianguka kutoka mezani. Karani aliendelea kuandika.)

Kipengele cha tisa ni uwezeshaji wa watumishi, ambapo mhudumu wetu, huyu Gaudiosa, mmoja kwa wazee kumi na watatu, tumemwezesha kwa kumwambia asichoke. Yuko wapi Gaudiosa? Asimame!

(Gaudiosa hayupo. Mzee Heriel na Bibi Paskalina nao hawapo. Ufunguo wa boksi umeegemezwa kwenye mti wa turubai la wajumbe.)

Yuko kazini. Huo ndio uwezeshaji. Kipengele cha kumi ni vifaa, na hapa napenda kuwahakikishia kwamba kamati haijalala usingizi, kila kitu kimeshaagizwa, kiko njiani, kinakuja kwa awamu.

(Godoro limepita nyuma ya turubai likielekea koridoni. Chini yake inaonekana miguu minne ya wanawake wa Nakwa. Wajumbe wa viti vyenye vitambaa wamegeuza shingo. Mratibu naye amegeuka.)

Si hayo sasa! Mnaona kwa macho yenu? Sikupanga, wallahi sikupanga. Ninasema vifaa, vifaa vinaingia! Mpiga picha, godoro lile, lipate! Wangapi wameahidi mkapewa siku hiyohiyo, hotuba ikiwa haijaisha?

(Makofi makubwa kuliko yote. Kimefuata kitanda, kwa vipande. Mzee Mikidadi amesimama na kuelekeza kwa fimbo: "Kushoto, kushoto! Miguu itangulie!" Kutoka koridoni, upande wa kwenda nje, kimetoka kitu kirefu kilichofunikwa shuka.)

Na vya zamani vinaondolewa! Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kipya kiingie, cha zamani kitoke, hatuwezi kuwalaza wazee wetu na machakavu! Toeni, toeni kabisa, wekeni nje mvua ikinyesha inyeshe!

(Kitu kile kimewekwa nje. Shuka limepeperuka kidogo. Ni kochi. Mratibu alikuwa ameshageukia karatasi zake. Limefuata zulia. Imefuata picha, imebebwa kwa heshima, uso ukielekea ndani.)

Ndugu wadau, kwa mwendo huu, vipengele vinne vilivyobaki vimejieleza vyenyewe, na mimi si mtu wa kurefusha. Nasema tu kwamba mzee ni hazina, mzee ni maktaba, mzee ni mdau, na kamati hii itakuwa bega kwa bega naye mpaka atakapokuwa hayupo, na hata hapo tutatuma mwakilishi. Nikisema "Wazee", mnasema "Kitovu", nikisema "Chaguo", mnasema "Ni lao". Wazee!

(Umati: "Kitovu!")

Chaguo!

(Umati: "Ni lao!")

Mradi!

(Umati haukuwa umeelekezwa. Mzee Mikidadi: "Uko wapi!" Umati umepokea: "Uko wapi!")

Safi sana, moyo huohuo! Nami nimalizie kwa shukrani, kwa sababu jambo kubwa kama hili haliwi la mtu mmoja. Namshukuru kwa dhati mkandarasi aliyejenga Jengo la Wanandoa, ambaye jina lake tutalitangaza mara atakapopatikana. Namshukuru mchora ramani, ambaye ameahidi kutafuta penseli. Nawashukuru wahisani wetu wa ng'ambo, ambao barua ya kuwaomba imeshaandikwa na inasubiri anwani yao. Namshukuru mwenye shamba hili la mahindi lililo nyuma yangu, ambapo jengo limesimama kwenye ripoti, ambaye asubuhi ya leo alinieleza kwa lugha nzuri kwamba haliuzi, haliazimi, na anaomba tuondoe utepe wetu kwenye mahindi yake. Na zaidi ya wote nawashukuru wanandoa wetu, waliopokea ufunguo kwa moyo mkunjufu bila kudai jengo. Mungu awabariki, Mungu ayabariki Makao, chakula kiko tayari, na wajumbe wa kamati tutakula kwangu, ofisini. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Hotuba iliishia hapo. Yaliyofuata sikuagizwa kuyaandika, lakini bila hayo hutaelewa kwa nini nakuomba ufunge mdomo.

Mratibu alitangulia koridoni, wajumbe nyuma yake na sahani za pilau, akina mama nyuma ya wajumbe, mpiga picha pembeni. Alichomeka ufunguo wake mlangoni, haukuzunguka, kwa sababu kwa ndani ulikuwamo mwingine. Akagonga.

"Nani humo?"

"Ni sisi," alijibu Mzee Heriel.

"Sisi nani?"

"Wanandoa. Tulipewa ufunguo mbele za watu."

"Mzee, fungua. Hii ni ofisi!"

"Subiri kidogo, baba," ilisema sauti ya Bibi Paskalina. "Mzee amevua shati, nampaka dawa mgongoni. Tangu tuje hapa hakuna aliyempaka mgongoni."

Mratibu alifungua mdomo. Hapo mama mmoja wa Maisaka, aliyekuwa na mwiko bado mkononi, akasema kwa furaha ya kweli, "Kumbe chumba chao ndicho hiki! Na sisi tulidhani ni maneno tu! Hongera, Mratibu!" Akapiga kigelegele, wenzake wakapokea, korido nzima ikajaa. Mzee Mikidadi alifika na fimbo yake, amebeba utepe alioufungua kwenye mahindi, akaufunga kutoka kitasa hadi dirisha la korido, fundo zuri la muuza vitambaa, akasema, "Kata, mwanangu. Mpiga picha yupo."

Mratibu alikata.

Jumatatu nilichapa ripoti aliyonisomea: Jengo la Wanandoa, awamu ya kwanza, asilimia mia. Wiki ya tatu ilirudi ina muhuri. Mratibu aliniuliza mara moja tu ufunguo wangu uko wapi. Nilisema ulidondoka siku ya sherehe, na huo ni ukweli. Hajaniuliza tena, lakini barua yangu ya kuthibitishwa bado iko mezani kwake, na kila akipita huigusa.

Sasa umeelewa. Kwenye faili lipo jengo, na katika jengo wanalala watu wawili. Siku mtu mwenye cheo atakaposikia kwamba jengo ni chumba na chumba ni ofisi, atakuja kurudisha ofisi mahali pake, na hao wawili watarudi mmoja juu, mmoja chini. Kwa hiyo usiseme.

Ukiwa na shida nami, usije kuulizia Ofisi ya Uratibu, maana ukiiulizia watu wataanza kuitafuta. Njoo Nangara siku yoyote isiyokuwa Ijumaa. Usipite geti kubwa, zunguka upande wa mahindi. Utamkuta Gaudiosa kwenye kamba za nguo. Mwambie umeleta mafuta ya mgongo ya Baba Xaveria, na uwe umeyaleta kweli, kwa sababu yanaisha haraka. Ataniita. Meza yangu iko koridoni, nje ya mlango wa mwisho. Ila ukija asubuhi, ningojee uani hadi saa tatu. Kabla ya hapo sipokei mtu pale, wanakuwa bado wamelala.